Aliyeitwa Shimoni

Kasongo nzima ilimjua kocha Joël, na Kasongo nzima ilimjua kwa jina ambalo si lake.

Tuanzie hapo, maana kuzungukazunguka hakutatufikisha. Mama Ernestine alizaa watoto wawili wa kiume katika kijiji cha wakulima huko Kabambare. Mkubwa akabatizwa Grégoire. Mdogo, aliyezaliwa miaka minne baadaye, akabatizwa Joël. Vita vikaja, baba yao akafia njiani, watu wa kijiji wakatawanyika kila mmoja na lake, na mama akafika Kasongo na wanawe wawili, sufuria moja, na kadi za ubatizo alizozifunga ndani ya nailoni. Mkubwa ndiye aliyembeba mama mgongoni kila walipovuka mto. Mama hakulisahau hilo, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Vita vilipopoa, Kasongo ikapata mgeni: mtafuta vipaji kutoka Lubumbashi. Alitazama mechi moja tu, tena ya mvua, wachezaji wote wamepakwa matope kuanzia nywele hadi kisigino. Mwishoni akauliza, yule namba kumi ni nani? Akajibiwa, ni Joël, ana miaka kumi na saba. Vizuri, akasema, klabu yangu inataka walio chini ya kumi na minane, juma lijalo nampitia na lori.

Mama akawakalisha wanawe wote wawili kwenye mkeka.

"Mukubwa atangulie," alisema. "Huyu alinibeba mugongoni. Akifika kule, atakuvuta na weye, Joël. Mupe kadi yako."

Kijana wa miaka kumi na saba akaitoa kadi yake bila kubishana, kwa sababu kwao mtoto hamkatalii mama mbele ya mkubwa wake. Akapokea ya kaka yake. Tangu siku hiyo mama akapiga marufuku majina ya zamani, hata jikoni, hata katika sala. Alijua kwamba anayezoea uongo nyumbani hatelezi ulimi barazani. Lori lilipokuja, yule mtafuta vipaji alimtazama kijana aliyesimama mbele yake, akasema mabega yamenenepa ghafla, akamwambia apande. Alitaka mshambuliaji, akapata beki.

Beki mzuri lakini, tusimnyime haki yake. Miaka kumi na minne alikula kwa jasho la miguu: Lubumbashi, kisha Zambia, kisha misimu miwili Angola. Hakuwa na miguu ya mdogo wake ila alikuwa na sauti, sauti ya kupanga safu nzima ya ulinzi kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, na mashabiki waliokaa juu kabisa walimsikia akimkaripia beki wa kushoto. Goti lilipomfia, watangazaji wa redio walisikitika kwamba Joël anaacha mpira na miaka thelathini na moja tu. Alikuwa na thelathini na mitano.

Akarudi Kasongo, akachukua timu ya AS Mapambazuko, iliyokuwa ikicheza kwa viatu vya kuazimana, akaipa kombe la jimbo la Maniema mara mbili. Wazee wa msikitini na mapadri walimsalimia kwa heshima ileile. Wachezaji walimwogopa, hasa kwa jambo moja: karatasi. Kijana akija na ndevu akidai ana miaka kumi na sita, kocha humfukuza mbele za watu. "Miye sitaki miaka ya kukata na makasi!" hufoka. Ndiyo, yeye. Mwizi ndiye anayejua vizuri dirisha gani halifungi.

Mwezi uliopita barua ilimfikia kutoka Kinshasa. Walimtaka awe kocha msaidizi wa timu ya taifa ya vijana. Sharti lilikuwa vyeti, na kiapo kwamba hajawahi kudanganya umri. Anayegundulika hufungiwa soka maisha yake yote, na vikombe vyake hufutwa.

Na mdogo wake? Miaka ya mwanzo alikuwa akipiga simu. "Yaya, nije?" alimwuliza kaka yake, maana kwao kaka mkubwa huitwa yaya. "Ngoja kidogo," yaya alijibu. Vijana wawili wenye sura moja na majina waliyobadilishana, katika mji mmoja, wangegunduliwa kabla ya Krismasi. Kwa hiyo ngoja msimu uishe. Ngoja nihame klabu. Ngoja goti lipone. Mdogo akangoja mpaka na yeye akazeeka kwa mpira, akaacha kuuliza, akaenda Salamabila kuchimba dhahabu. Huko akamwoa Yvette, akazaa, na mama akahamia kwake. Wachimbaji walimjua kwa jina la Grégoire. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Jumapili alikuwa akiwafundisha watoto wake kupiga mpira kwa mguu wa kushoto.

Jumatatu moja asubuhi, kocha akiwa katikati ya mazoezi, simu yake ikalia. Ilikuwa Yvette.

"Shemeji, shimo imeanguka," alisema. "Bwana yangu iko ndani, yeye na Dady mwenzake. Wanapiga jiwe, tunawasikia. Kuya mbio."

Kocha hakubadilisha hata viatu. Alikodi pikipiki, akapanda na filimbi yake shingoni, na wakaanza njia ile ya Kabambare ambayo wakati wa mvua si njia bali ni ugomvi kati ya matope na magurudumu. Walisukuma zaidi ya walivyopanda. Kwenye daraja moja mbao mbili zilikuwa zimechukuliwa na maji, wakangoja hadi vijana wa kijiji walipoleta nyingine. Kwenye kizuizi, askari alitazama kadi yake ya mpiga kura, akasoma Joël, akapiga saluti. "Coach! Tulisikiliza finali kwa redio!" Kocha akatabasamu kwa mazoea. Ndani mwake alikuwa akiomba, na sala yenyewe ilikuwa moja tu: Mungu, asife kabla sijamvuta.

Alifika Salamabila Jumanne saa tatu asubuhi, matope hadi kifuani.

Shimo lilikuwa mlimani, na mlima ulijaa watu. Wachimbaji walipokezana beleshi bila kusemezana. Mama Ernestine alikuwa ameketi chini juu ya gunia, midomo imekauka. Mzee Djafari, mwakilishi wa ligi pale Salamabila, alipomwona kocha alikuja na mwavuli wake kumkinga mvua, na nyuma yake wakafuata vijana wenye simu, kila simu imenyooshwa juu kupiga picha za kocha mashuhuri siku ya msiba wake.

Asani, mchimbaji mkongwe aliyeongoza uokoaji, hakuwa na habari na umashuhuri. Alimshika kocha mkono akamwonyesha bomba la plastiki walilolipenyeza kwenye kifusi ili hewa ipite.

"Sikiliza, Coach," alisema. "Chini njia inagawanyika mara mbili, kushoto na kulia. Hatujui wako wapi, udongo unadanganya masikio. Sasa sisi wachimbaji tuko na desturi. Mutu akifunikwa, mutu wa damu yake ndiye anamuita, na anamuita kwa jina ile alizaliwa nayo. Si jina ya shimo, si jina ya utani. Mutu mwenye kukosa hewa anasinzia. Sauti zote zinakuwa kama mvua. Jina yake ya utoto ndiyo inamuamusha. Akiamuka, anapiga jiwe, na sisi tunajua upande wa kuchimba."

"Na sasa anapiga?"

"Jana alipiga. Mama alimuita mpaka sauti ikaisha. Majibu yakawa yanapungua. Toka alfajiri, hapana kitu. Weye uko na sauti. Muite."

Yvette alikuwa amesimama upande wa pili wa bomba, mtoto mgongoni. Yeye alijua. Mke hulala na mtu miaka kumi na miwili asijue jina lake?

"Shemeji," alimwambia, "unajua namna ya kumuita."

Kocha alipiga magoti. Aliweka mdomo kwenye bomba. Akainua macho mara moja tu, na kwa mara hiyo moja aliona zile simu, aliona mwavuli wa mzee Djafari wenye nembo ya ligi, aliona barua ya Kinshasa kana kwamba iko mkononi. Aliogopa. Hakuna neno jingine la kulipamba. Mtu aliyesimama mbele ya washambuliaji wa nchi tatu bila kupepesa macho aliogopa jina la silabi mbili.

"Grégoire!" aliita.

Sauti ikashuka bomba zima. Wachimbaji wakaweka masikio kwenye udongo, kushoto na kulia. Hapakuwa na jibu.

"Grégoire! Grégoire, ndugu yangu!"

Kocha akajipa moyo kwa hesabu za mwoga: mama pia alimwita hivyo jana, na jana alijibu, basi hata leo atajibu. Akaita tena, kwa sauti iliyotikisa viwanja vya Angola, akiliita jina lake mwenyewe ambalo hakuwa amelitamka tangu ujana. Hapakuwa na jibu. Asani akangoja, akatikisa kichwa, akasema kwamba jana jioni mlio wa mwisho ulisikika kama unatoka kushoto, basi wachimbe kushoto. Wakachimba kushoto. Kila baada ya muda walisimama, kocha akaita Grégoire, wakasikiliza, wakaendelea kuchimba. Saa nne ikapita, ikapita ya tano. Mvua ikakatika, jua likachoma migongo, na njia ya kushoto ikazidi kwenda ndani bila dalili ya mtu.

Yvette aliteremka kwenye kifusi. Alimshika kocha shati, akamvuta karibu, akasema polepole ili wengine wasisikie.

"Mume wangu anakufa ndani ya jina yako. Mutoe."

Hapo kocha akavunjika. Si kwa uamuzi, tusimsifu. Alivunjika tu, kama goti lake lilivyovunjika, pasipo kuulizwa. Alikumbatia bomba kwa mikono miwili.

"Joël!" alipiga kelele. "Joël! Joël, mudogo wangu! Ni miye, yaya! Joël!"

Watu wakatazamana. Simu zikasogea karibu. Na chini ya ardhi, jiwe likagonga jiwe. Mara moja. Kisha mara ya pili, kisha ya tatu, hafifu.

Kijana aliyelaza sikio upande wa kulia akaruka. "Huku! Iko huku, kulia!"

"Tumekosea," Asani alisema, na uso wake ukabadilika. "Tumechimba kwa bure. Kulia, wote! Mbio!"

Kocha alichimba nao, kwa beleshi, kisha kwa mikono, akiita Joël, Joël, bila kukoma, kana kwamba analipa yote aliyomnyima tangu siku ya mkeka. Lakini jiwe halikugonga tena. Saa nane walifungua njia. Kwanza wakamtoa Dady, amezimia, mikono yake ilikuwa imefukiwa hadi mabegani, lakini anapumua. Kisha wakamtoa mdogo wake kocha. Kiganja kimeshika jiwe.

Asani alimwekea mkono kifuani, kisha shingoni.

"Mwili bado moto," alisema. "Ameenda saa moja tu. Tungalianza kulia saa moja mapema..." Akaenda kunawa mikono.

Mama Ernestine hakulia. Yvette alilia hadi mtoto mgongoni naye akaanza. Kocha alikaa chini kwenye matope na kichwa cha mdogo wake mapajani, na kilio kilichomtoka kilikuwa kikubwa kuliko sauti zote alizowahi kutoa uwanjani.

Sasa sikiliza ajabu ya binadamu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakumjua kocha wetu: kwake kifo kilikuja kikamsaidia kuficha. Kabla jua halijatua, maneno yalikuwa yameenea Salamabila nzima, yakapanda simu hadi Kasongo. Mlisikia? Coach Joël aliita jina lake mwenyewe shimoni! Alikiambia kifo kimwache mdogo wake kimchukue yeye! Wanawake walifuta machozi wakiitazama video ile. Mzee Djafari alitangaza kwamba hajaona mapenzi ya ndugu kama yale, na kwamba ligi nzima itasimama kimya dakika moja kwa ajili ya marehemu Grégoire.

Mazishi yalikuwa Jumatano asubuhi. Célestin, seremala, alikuwa amekwisha kupiga msalaba, na kopo la rangi nyeusi liko miguuni pake. Alishika brashi akauliza, kama maseremala wote wanavyouliza, aandike jina gani.

Kocha akasogea mbele. Usiku kucha alikuwa ameyapanga maneno, na hakutaka kuyapamba.

"Andika Joël," alisema. "Huyu ndiye Joël. Miye ni Grégoire. Nilimunyanganya jina akiwa na miaka kumi na saba, nikacheza nayo, nikala nayo. Hata jana pale kwenye bomba niliificha. Andika jina yake."

Umati ukalipuka kwa kilio. Kocha alifikiri wamemwelewa. Mzee Djafari akamkumbatia kwa nguvu, akawaambia watu, "Muone uchungu wa mutu! Anataka hata kuzikwa pa nafasi yake!" Na watu wakazidi kulia.

"Hapana, mzee, nisikilize," kocha alisema. Akajitoa mikononi mwake, akapapasa mfuko, akatoa kadi ya mpiga kura awaonyeshe. Kadi ilisema Joël. Akaitazama, akairudisha mfukoni. Katika dunia hii yote alikuwa amebakiza shahidi mmoja ambaye watu wangemwamini, na alikuwa ameketi kwenye gunia lake kando ya kaburi.

"Mama," alimwambia, akapiga magoti. "Waambie. Ni weye ulituzaa. Waambie nani iko ndani ya sanduku."

Mama Ernestine alimtazama muda mrefu. Aliwatazama watoto wa Yvette, watano, wamejipanga kwa urefu. Aliutazama umati, mwavuli wa ligi, zile simu. Tusimhukumu haraka, mwanamke yule alikuwa amevuka vita na mito, na mahesabu yake yote maishani yalikuwa ya nani abaki hai.

"Leo ninazika mumoja," alisema hatimaye. "Siziki wawili." Akamgeukia Célestin. "Andika Grégoire."

Célestin akaandika, kwa herufi nzuri, akiivuta kila moja kwa uangalifu. Yvette hakungoja rangi ikauke. Aliwakusanya watoto wake akaondoka nao, na alipompita kocha hakugeuza kichwa.

Watu walipokwisha kutawanyika, kocha alikwenda kwa miguu hadi zahanati. Alikuwa na swali moja, na ndani ya swali lile alikuwa ameficha tumaini lake la mwisho. Labda mdogo wake alikuwa amezimia asubuhi ile. Labda hakusikia chochote hadi mwisho. Kama hakusikia, basi kosa lilikuwa la udongo, la hewa, la Mungu, na mtu anaweza kuishi na hilo.

Dady alikuwa amelala, mikono imefungwa bendeji, macho wazi. Kocha aliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Dady," alisema, "mara ya kwanza nilipoita. Asubuhi. Niliita Grégoire. Mulisikia?"

"Tulisikia, Coach. Sauti yako inafika mbali."

"Na yeye? Alikuwa macho?"

"Alikuwa macho. Jiwe alikuwa nayo mukononi. Nikamuambia, piga, wanatutafuta. Miye mikono yangu ilikuwa imefunikwa, sikuweza." Dady aligeuza kichwa amtazame. "Akacheka kidogo, Coach. Akili yake ilikuwa inaenda inarudi, hewa ilikuwa kidogo sana. Akasema: 'Ule ni yaya. Anajiita mwenyewe. Tungoje, akimaliza kujiita, ataniita na miye.'"